Kitabu Hutembea kwa Midomo ya Wasomaji

Msomaji anapomwambia mwenzake akitafute kitabu fulani, anatoa ushahidi ambao mtaala hauwezi kuutoa, kwani hakuna mtihani unaomsukuma. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania, na bado ikaendelea kusomwa. Hadithi za Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba nazo zilipendwa bila kungoja kibali cha wahakiki, ambao baadhi yao huitamka “fasihi pendwa” kama tusi.

Wapo watakaosema kuwa pendekezo la msomaji ni ladha tu. Ni kweli, anayesema “kitamu sana” akanyamaza hajatusaidia. Lakini anayeeleza kwamba Vuta N’kuvute ya Shafi Adam Shafi ilimshika kwa ajili ya Yasmin, binti aliyeozwa mzee asiyempenda katika Zanzibar ya wakoloni, ametupa kipimo cha kujiamulia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi husifu vitabu vilevile walivyosomeshwa darasani. Hapo kasoro ni ya rafu, si ya msomaji: atapendekezaje kitabu asichopata kukiona dukani wala maktaba? Mchapishaji anayepanga kipi kirudiwe kuchapwa angeanza kwa kuwauliza wasomaji hao.