Kabla Hujatia Sahihi: Mazungumzo ya Wakili, Kona ya Musa, Juu ya Kununua, Kuuza na Kuweka Nyumba Rehani



Huenda mtu akauliza kwa nini mkutano wa wapenda mageuzi uketi kuzungumza juu ya hati na mihuri. Mimi sioni ajabu. Katika pwani hii siasa huingia nyumbani kwa mtu kwa njia ya kiwanja chake. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, iligundua kwamba ardhi nyingi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria karibu na chaguzi kuu za 1992, 1997 na 2002. Kiwanja kilichotolewa kuwa zawadi ya kisiasa kiliuzwa, kikauzwa tena, na mwisho akakinunua mwalimu wa Ukunda kwa akiba ya miaka ishirini, asijue lolote.

Ndiyo maana swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Wakili, nikishaishika hati miliki mkononi, nani atanitoa?"

Zamani jibu lilikuwa la ajabu. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilimkinga mtu aliyesajiliwa kwanza kabisa, hata kama usajili huo wa kwanza ulipatikana kwa udanganyifu. Aliyewahi ofisini ndiye aliyeshinda, na mzee aliyekuwa akipanda minazi pale tangu ujana wake akabaki kuitwa skwota. Na kabla ya hapo ilikuwako sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye ardhi wa ukanda huu wa pwani wapeleke madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mkoloni. Wazee wetu wangapi walipata habari hiyo kwa wakati?

Mambo yalibadilika kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Sasa hati ni ushahidi wa mwanzo tu. Yaweza kufutwa ikithibitika kwamba ilipatikana kwa njia haramu, kwa kuruka taratibu, au kwa hila za ufisadi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni huko Nyali. Mnunuzi alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema. Mahakama ikasema kwamba hati iliyoota kwenye mzizi mbovu haiwi nzuri kwa sababu tu mnunuzi wa mwisho ni mtu mwema. Hukumu hiyo ni chungu kwa aliyelipa, lakini naiona ya haki, kwa maana bila hiyo kila mnyakuzi angesafisha wizi wake kwa kuuza haraka.

Basi ukiletewa hati ya Kwale/Diani Beach Block au ya Kwale/Galu Kinondo, usitosheke na sachi. Sachi hukuonyesha picha ya leo: jina la mwenye ardhi, deni la benki kama lipo, na kosheni kama imewekwa. Omba pia kuona ile kadi ya kijani katika ofisi ya ardhi, inayoonyesha nani alikuwa nayo kabla, na nani kabla yake. Kama ardhi ilitoka katika mpango wa makazi, iulizie barua ya mgao. Kisha nenda mwenyewe kiwanjani pamoja na mpima ardhi, mkatafute bikoni. Ukimkuta mtu ndani, muulize yuko pale kwa ruhusa ya nani, maana haki nyingine hazikuandikwa katika daftari lolote. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba aliyesajiliwa aweza kuwa anaishika ardhi kwa amana ya ukoo wake.

Hapo Wadigo wananielewa upesi. Ardhi ya fuko, yenye desturi ya urithi wa upande wa mama, imekutana na mirathi ya Kiislamu, kisha zote mbili zikakutana na kipande cha karatasi chenye jina la mtu mmoja. Huyo mmoja akiuza, nusu ya kijiji hujiona wameibiwa. Na kama mwenye jina amekwisha kufariki, hakuna mtoto, hata kifungua mimba, aliye na mamlaka ya kuuza kabla mirathi haijafunguliwa mahakamani, kwa Kadhi au kwa hakimu, na hati ya usimamizi kuthibitishwa. Kumlipa mwana wa marehemu "arabuni" ili afungulie mirathi ni kutupa fedha baharini.

Mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na mashahidi washuhudie. Ardhi ikiwa ya kilimo, na sehemu kubwa ya huku ni ya kilimo hata ikiwa imejaa nyumba, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe kabla miezi 6 haijapita. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kitilit ya mwaka huo huo wa 2018, ilimwokoa mnunuzi aliyekosa kibali, kwa sababu ya haki na uadilifu. Lakini kuokolewa baada ya miaka ya kesi si jambo la kulipangia. (Kwa dada zetu walioolewa na wageni: tangu 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa kukodi, nayo isizidi miaka 99. Usikubali jina lako litumike kuficha hilo.)

Sasa rehani, na hapa ndipo moyo wangu huuma.

Alinijia mama mmoja, mjane sasa. Mumewe alikuwa ameikopea nyumba mara tatu: mara ya kwanza kuijenga, ya pili karo, na ya tatu akaihamishia benki nyingine kwa sababu riba ilionekana ndogo. Sheria yataka mke au mume akubali kwa maandishi nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Mama alitia sahihi mara zote tatu. Mara ya tatu karatasi ilisema kwamba nyumba inadhamini madeni yote ya biashara ya mume, ya sasa na ya baadaye. Hakuisoma. Wakili alikuwa ameandika kwamba amemweleza, naye aniambia walikaa ofisini dakika tano. Sikuweza kuiokoa nyumba ile. Sisi mawakili tuna lawama katika jambo hili, na sitaificha.

Kwa hiyo ukiambiwa uhamishe rehani, uliza: deni jipya lina mpaka, au ni madeni yote? Gharama ya kuiondoa rehani ya kwanza, ya kuthamini nyumba na ya kusajili mpya, je, haili ile nafuu ya riba? Na mkishindwa kulipa, msikimbie barua. Benki lazima ikupe ilani ya miezi 3, kisha ya siku 40 ya kuuza, na mke au mume aliyekubali apewe nakala. Baada yake dalali naye hutoa siku 45. Tena tangu 2007 riba juu ya mkopo ulioacha kulipwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni la asili kilichokuwa kimebaki. Dai hesabu iliyoandikwa. Nimeona deni likipungua kwa sababu tu mtu aliomba hesabu.

Mama yule anauliza kama kaburi la mumewe, lililo nyuma ya nyumba, nalo limeuzwa. Bado sijampa jibu.

Nitakuwa hapa chini ya mwembe hadi alasiri. Mwenye shauri alete nakala. Hati ya asili abaki nayo nyumbani.