Kuihakiki Namba Kubwa

Leo twataka kusema nanyi juu ya namba moja, nayo ni 61,741,120. Hii ndiyo jumla ya watu wa Tanzania iliyopatikana katika sensa ya mwaka 2022, na ndani yake wamo waliohesabiwa Kijenge, tangu mtoto mchanga hata mkongwe. Hatuwezi kuwarudia watu hao nyumba kwa nyumba. Je, mtu aketiye barazani kwake Kijenge, mwenye kalamu tu, aweza kujua kama waliojumlisha au waliopiga chapa wamekosea?

Aweza, kwa sehemu kubwa. Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Chukueni karatasi.

Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu vivyo hivyo. Basi ukiigawa namba yo yote kwa 9, baki lake ni sawa na baki la jumla ya tarakimu zake. Tarakimu za Bara zikijumlishwa ni 42, na 4 na 2 ni 6. Za Zanzibar ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Sasa tazameni jumla kuu: tarakimu zake ni 22, yaani 4. Zimepatana.

Lakini msiitegemee njia hii peke yake. Tuseme karani amegeuza tarakimu mbili, akaandika 61,714,120. Tarakimu ni zile zile, na kipimo cha tisa kitasema ni sawa, kumbe watu 27,000 wamepotea kwa kalamu! Hasara hiyo yagawanyika kwa 9 bila baki, ndiyo maana haikuonekana.

Hapo twatumia 11. Anza kuume, jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, na kuendelea. Kisha toa jumla ya zile ulizoziruka. Isipotosha kutoa, ongeza 11, hata mara mbili. Bara: 24 toa 18, ni 6. Zanzibar: 19 haitoshi kutoa 24, basi 30 toa 24, ni 6. Sita na sita ni 12. Ondoa 11, yabaki 1. Jumla kuu: 6 na 11 ni 17, toa 16, ni 1. Imepatana tena. Lakini ile namba ya karani yatoa 6, na kosa limefichuka.

Vipimo hivi viwili haviwezi kutuambia kama kuna nyumba iliyorukwa na wahesabuji. Hilo si kazi ya tarakimu.

Wanafunzi, twawaachia zoezi: wanawake walikuwa 31,687,990, na wanaume 30,053,130. Zipimeni kwa 9, kisha kwa 11, mwone kama zapatana na jumla ile ile.