Kusoma Sheria Harvard: Ni Masomo ya Namna Gani?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Kikundi kimoja kati yenu kimeombwa kisimamie harambee ya binti aliyekubaliwa kusoma sheria Harvard, kule Marekani. Mmeniuliza: huko wanafundishwa nini, na mbona pesa ni nyingi hivyo? Mmefanya vizuri kuuliza. Mtu asitoe shilingi yake kwa sababu ya jina tu.

Jina ni kubwa, ni kweli. Chuo hicho cha sheria kiko mji wa Cambridge, karibu na Boston, na kilianza 1817. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Siaya, alimaliza hapo 1991. Lakini pesa za kukianzisha zilitoka kwa wasia wa Isaac Royall, tajiri aliyepata mali kwa jasho la watumwa. Mwaka 2016 chuo kiliacha kutumia nembo ya ukoo wake.

Kwa Marekani mtu hatoki sekondari akaingia sheria. Anamaliza digrii nyingine kwanza, ndipo anasoma sheria miaka mitatu. Aliye na digrii ya sheria tayari kutoka nchi nyingine, kama huyu binti wetu, huenda mwaka mmoja, kwa digrii ya pili. Kwa hivyo tunazungumza juu ya karo ya mwaka mmoja, si mitatu. Wekeni hiyo akilini.

Sasa darasani. Mwalimu hasimami kusoma noti ili wanafunzi waandike. Kuna mtu aliyeitwa Christopher Columbus Langdell, alikuwa mkuu wa chuo kuanzia 1870, yeye ndiye alileta mtindo wa kufundisha kwa kesi. Mwanafunzi anasoma kesi usiku. Asubuhi, mbele ya wenzake kama 80, anaitwa kwa jina: Hebu tuambie, nani alimshtaki nani? Korti iliamua nini? Kwa nini? Akijibu, mwalimu anabadilisha kitu kidogo kwa ile hadithi na kuuliza tena, mpaka jibu la kwanza linaanguka. Sisi wengi tulilelewa kwamba kumwuliza mkubwa "kwa nini" ni kukosa adabu. Huko, usipouliza hujasoma.

Niwape kesi moja ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza nayo mara nyingi. Kijana wa New Hampshire aliyeitwa Hawkins alikuwa na kovu mkononi, aliungua na waya ya stima. Daktari McGee akaahidi kumpatia mkono mzima kabisa. Akatoa ngozi ya kifua, akaipandikiza kwenye kiganja. Mkono ukaharibika zaidi, na kiganja kikaota nywele! Korti ya juu ya jimbo hilo ikaamua mwaka 1929. Daktari alipe nini?

Najua mtasema alipe uchungu. Korti ilikataa. Uchungu wa kupasuliwa kijana aliukubali mwenyewe, ulikuwa sehemu ya bei yake ya kupata mkono mzuri. Anachodai ni tofauti kati ya mkono alioahidiwa na mkono alionao.

Sasa fikirieni ng'ombe wa gredi. Mmeuziwa mkiambiwa atatoa lita 20, amekuja anatoa 6. Mtadai nini? Nyasi mliyomlisha? Ama tofauti ya thamani kati ya ng'ombe mlioahidiwa na huyu aliye zizini? Na kabla ya hapo: yale maneno ya lita 20 yalikuwa ahadi, ama yalikuwa maneno ya sokoni tu? Nani alisikia? Iliandikwa wapi? Hayo ndiyo masomo yenyewe.

Kuna wanaonong'ona kwamba binti ameshaolewa, ana mtoto, asome nini tena. Chuo hicho kilikataa wanawake mpaka 1950. Ruth Bader Ginsburg aliingia 1956, wanawake 9 kati ya wanafunzi kama 500, na nyumbani ana mtoto mdogo wa mwaka mmoja na miezi. Alimalizia Columbia 1959, na mwaka 1993 akawa jaji wa korti kuu kabisa ya Marekani. Basi hilo tuliache.

Tatizo ni pesa. Karo ya mwaka imepita dola 70,000, kabla ya chakula na nyumba. Wengi hutoka huko na deni, na deni huwasukuma kwenda kutumikia makampuni makubwa hata kama walitaka kuwatetea maskini. Ingawa pia kuna ofisi ya msaada wa sheria, tangu 1913, ambapo wanafunzi wenyewe huwatetea watu wa mapato madogo, kwa mfano mpangaji anayefukuzwa nyumba.

Kwa maoni yangu, harambee isipangwe bado, na hati ya shamba ya mzee isipelekwe benki. Chuo hutoa msaada wa karo kwa kuangalia uwezo wa mwanafunzi, hata kwa hao wa mwaka mmoja. Binti aje mkutano ujao na barua mbili: ya kukubaliwa, na ya jibu kuhusu msaada. Mweka hazina atoe hii kwa ile, hapo ndipo tutajua tunatafuta ngapi.