Mukene Kabla ya Vidonge
Wazazi wa Luzira, hakuna ushahidi thabiti kwamba vidonge vya "kuongeza akili" humsaidia mtoto mwenye afya anayekula vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni upungufu wa damu: mwaka 2016 utafiti wa kitaifa uliukuta kwa asilimia 53 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano. Madini ya chuma yakipungua, damu nayo hupungua, mtoto huchoka, na kujifunza kunamwia vigumu. Mukene, dagaa wa ziwa letu, wanayo madini hayo. Maharage pia yanayo; mpe pamoja na papai au chungwa, mwili ufyonze madini hayo vizuri. Aprili na Oktoba, mpeleke kituo cha afya apate vitamini A na dawa ya minyoo. Akipauka viganja, apimwe damu huko kwanza, kabla ya kumpa vidonge.