Daftari la Wakala na Alama ya Kidole: Kulinda Taarifa Binafsi Mtandaoni katika Bonde la Kilombero



Katika ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuhusu majaribio ya utapeli kwa njia ya simu, mikoa miwili imekuwa ikitajwa mara kwa mara kuwa inaongoza: Rukwa na Morogoro. Morogoro ndiyo sisi. Kwa hiyo mada hii ikiletwa Ifakara inatugusa pande zote mbili. Tunao waliotapeliwa hela ya mpunga, na kuna watu ambao majina yao yamebeba laini za utapeli nao hawana habari.

Tunapozungumzia usalama wa mtandao, mawazo hukimbilia kwa wadukuzi wa mbali wenye kompyuta kubwa. Kwa hali ya bonde letu, naona tunaangalia kusikohusika. Tapeli anayetusumbua hadukui chochote. Anaokota vipande vya taarifa tulivyoviacha wenyewe mezani kwa wakala, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye kurasa za Facebook, kisha anaviunganisha.

Vipande na namna vinavyounganishwa

Tuanze na namba ya simu. Ukiingiza namba ya mtu kwenye menyu ya kutuma pesa, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha. Utaratibu huo umetuokoa wengi na kutuma pesa kusikohusika. Lakini maana yake pia ni kwamba kila mwenye namba yako anaweza kupata majina yako bila kutumia hata shilingi.

Namba yenyewe anaitoa wapi? Angalieni daftari la wakala wa pesa, popote pale Kibaoni au stendi. Limelazwa wazi juu ya meza: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, saini. Anayesubiri zamu yake anawasoma wote waliomtangulia. Mwezi wa sita na wa saba, mpunga ukishauzwa, ukurasa mmoja wa daftari hilo unaeleza nani kapokea milioni na nani kapokea laki. Wakala anahitaji kumbukumbu zake, simlaumu. Ninachoomba ni daftari ligeuziwe upande wake, na mistari iliyokwisha kujazwa ifunikwe kwa karatasi ngumu mteja anaposaini.

Kipande cha pili kinatolewa kwa nia njema kabisa. Mtu ameokota kitambulisho cha NIDA, anakipiga picha na kukirusha kwenye grupu: "Mwenye nacho ajitokeze." Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sasa, ni wangapi humu ukumbini namba yao ya siri ya kutolea pesa ni mwaka wa kuzaliwa? Msinyooshe mikono, badilisheni tu. Na anayeokota kitambulisho aandike jina la mwenye nacho, aseme amekikabidhi kituo gani cha polisi au ofisi ya kata gani. Picha haihitajiki.

Kipande cha tatu kinahusu watoto. Mzazi yuko shambani Mngeta, simu inaita: "Mimi ni mwalimu wa zamu. Mtoto wako ameanguka, tumemkimbiza hospitali, wanataka hela ya kipimo sasa hivi. Tuma kwenye namba hii ya daktari." Jina la mtoto ni lenyewe, shule ni yenyewe. Mzazi gani atasita? Mpigaji ameyapata yote kwenye picha ya mahafali yenye sare na jina la shule, na kwenye grupu la wazazi ambalo kila mwanachama anaona namba za wenzake. Dawa yake ni kukata simu na kumpigia mwalimu unayemfahamu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Na walimu wanaosimamia magrupu hayo wasiruhusu kiungo cha kujiunga kisambazwe ovyo, wamtoe kila asiyejulikana ni mzazi wa nani.

Alama ya kidole ndiyo nzito kuliko vyote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipewa tarehe ya mwisho ya 20 Januari 2020, baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kumjua kila mwenye laini. Matapeli wakatafuta njia ya kutumia vidole vya watu wengine. Bibi anakwenda kurudisha laini iliyopotea, kijana mwenye mashine anamwambia, "Haijasoma, weka tena." Anaweka tena, na tena. Huenda kweli haijasoma, maana mikono ya mkulima imechubuka kwa jembe. Lakini huenda kila alama imesajili laini nyingine, na laini hiyo ndiyo itakayotuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni la bibi. Kwa hiyo usisajili laini barabarani kwa mtu usiyemfahamu, na ukimaliza kusajili piga *106# papo hapo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuhusu WhatsApp nina neno moja: zile tarakimu sita za kuthibitisha akaunti zinazokuja kwa meseji hapewi mtu yeyote, hata akidai amezituma kwako kwa makosa. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio, uweke namba ya siri ya pili.

Na kuna programu za mikopo ya haraka. Unapoipakua inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, nawe una shida, unakubali. Ukichelewa kulipa, meseji za kukudhalilisha zinakwenda kwa baba mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Watu waliomo kwenye orodha ya majina yako hawakukopa. Faragha uliyoitoa ilikuwa yao.

WiFi ya gesti, ya chuo na ya hospitali

Hapa hofu imezidi kidogo. Siku hizi tovuti na programu nyingi husafirisha taarifa zikiwa zimefumbwa, kwa hiyo aliyekaa meza ya pili hasomi meseji zako kirahisi. Hatari iliyobaki ni ya mtandao bandia. Mtu anawasha simu yake igawe intaneti, anaupa mtandao huo jina la gesti, ukiunganisha unaletewa ukurasa unaodai nywila ya barua pepe au ya Facebook. WiFi halali haina sababu ya kukuuliza nywila ya Facebook. Zima kujiunga kwa otomatiki, ukiondoka iambie simu iusahau mtandao huo, na miamala ya benki ifanye kwa bando lako. Wenye gesti nao wabadilishe nywila iliyokuja na kifaa kutoka dukani.

Ridhaa tunaijua

Watu wa bonde hili wana uzoefu ambao wilaya nyingi hazina. Tangu 1996 Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Mhojaji anabisha hodi, anaeleza anachotafuta, na mtu akitakiwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti, kuna fomu ya ridhaa. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kukataa. Mama wa kijijini aliyezoea kumuuliza mtafiti "damu hii mnaipeleka wapi?" ana haki ileile ya kumuuliza wakala, mwajiri au mwenye programu: namba yangu mnaipeleka wapi?

Sheria sasa iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili, aseme anazikusanya kwa lengo gani, na asizitumie kwa jambo lingine. Mwenye taarifa anaweza kudai kuziona, kuzisahihisha, na kulalamika kwa Tume. Wanachuo wa afya mliopo hapa, picha ya mgonjwa mnayoiweka kwenye status imo ndani ya sheria hiyo.

Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, usiufute kwa hasira. Upeleke 15040 na ufuate maelekezo, ili namba hiyo ifungwe kabla haijamfikia mwingine.

Ndugu washiriki, kabla hatujatoka ukumbini naomba kila mmoja apige *106#. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao husika ukaikane. Na jioni ya leo wasaidieni wazazi na wazee nyumbani kufanya hivyohivyo, maana vidole vyao ndivyo vinavyowindwa zaidi.