Siku Inayofuata Kambi ya Macho

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya huduma kwa ndugu zetu wasioona na wenye uoni hafifu, nasi tunashukuru. Huko Gujarat, walikotoka wazee wetu, kambi ya macho huitwa netra yagna, yaani sadaka takatifu kwa ajili ya macho. Waliihesabu kuwa ibada, sawa na kuwasha taa mbele ya madhabahu. Basi ibada haiachwi katikati. Mfanyabiashara hajui faida yake siku ya kufungua duka. Huijua anapofunga hesabu za mwaka. Vivyo hivyo, kambi ya macho haipimwi kwa urefu wa foleni ya asubuhi ile. Hupimwa kwa yale yanayompata mgonjwa siku inayofuata, mwezi unaofuata na mwaka unaofuata.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa, au bado halijapatiwa tiba. Hesabu hiyo ni kubwa mno kuingia akilini. Tuirejeshe hapa kwetu.

Yuko mzee mwenye mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho lake imeingia ukungu. Daktari mzoefu huiondoa na kuweka lenzi ya bandia, na kazi hiyo haimalizi saa moja. Kwa nini, basi, mzee huyo abaki gizani miaka? Kwa sababu saa moja ya daktari imetanguliwa na safari. Lami inaishia lango la Loduare. Anayetoka vijiji vya ndani ya hifadhi hushuka hadi Karatu, huenda Arusha takribani kilomita 140, na akipewa rufaa huendelea mpaka Moshi, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Asiyeona hasafiri njia hiyo peke yake. Anahitaji msindikizaji, nauli za watu wawili, chakula na mahali pa kulala. Aghalabu bibi ndiye hubakishwa nyumbani, akisema mwenyewe kwamba umri wake umekwisha kupita, fedha hizo zimfae mjukuu.

Na mjukuu naye halipi kidogo. Mara ngapi tumepita barabarani tukamwona mtoto ameshika ncha ya fimbo, na mzee ameshika ncha ya pili? Mtoto yule hayuko darasani. Upofu wa mtu mmoja umefunga macho ya watu wawili: mmoja haoni njia, mwingine haoni ubao. Anayemrudishia mzee nuru, au anayemfundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, amempeleka mtoto shule.

Yuko pia mama aliyeharibiwa macho na trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya ambamo ugonjwa huu umekawia kuondoka. Vijidudu vyake hupita kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi wanaofuata matongotongo ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, upande wa ndani wa kigubiko cha jicho hufanya makovu. Miaka hupita. Kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa, hata nuru ikazimika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wachanga. Mama amepofuka kwa kulea.

Dawa ipo. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupokea dawa ya azithromaisini ya msaada, tangu mwaka 1999, na watumishi wa afya wamekuwa wakiigawa kijiji kwa kijiji. Upasuaji wa kurekebisha kope nao upo. Lakini dawa bila maji ni kama kudeki sakafu huku dari likivuja. Mtoto anayetibiwa leo, asiponawa uso, na nzi wakiendelea kuzaliana kwenye vinyesi vilivyoachwa wazi, ataambukizwa tena. Kwa sababu hiyo, choo, tangi la maji ya mvua shuleni, na hata kibuyu chirizi kilichoning'inizwa nje ya boma, ni dawa ya macho kama ilivyo ile ya kwenye chupa. Fundi na muuza mabati wana nafasi yao katika netra yagna, sawa na daktari.

Sasa tufike mahali pagumu. Wako wenzetu ambao nuru yao haitarudi. Anayepoteza uoni kwa presha ya macho hawezi kurudishiwa alichokwisha kupoteza. Tiba hulinda kilichosalia tu. Aliyezaliwa haoni, au ambaye kioo cha jicho kimeharibika kabisa, anaweza kuja kambini, akasubiri tangu alfajiri, kisha akaambiwa kwamba hakuna la kufanya. Hapo ndipo tunapojipima. Kumwambia mtu huyo kwamba hakuna la kufanya si kweli. Daktari amemaliza yake. Kazi ya jamii ndiyo kwanza inaanza.

Yako mambo mengi ya kufanya. Akiwa mtoto, apelekwe shule. Tanzania ina shule zenye historia katika jambo hili, kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma na ile ya Irente huko Lushoto, na ziko shule za kawaida zinazowapokea watoto wasioona pamoja na wenzao. Huko hujifunza nukta nundu. Maandishi hayo yalibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, mwana wa fundi wa ngozi, aliyejeruhiwa jicho na chombo cha kazi cha baba yake alipokuwa na miaka mitatu. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuyapanga. Ni nukta sita tu, lakini mipangilio yake ni 63. Kwa nukta hizo huandikwa Kiswahili, na kwa nukta hizo hizo huandikwa Kigujarati. Wazazi wanaomficha mtoto nyumbani kwa aibu waambiwe habari hii kwa upole, tena na jirani anayeijua lugha yao, awe Mwiraqw, Mdatoga au Mmaasai.

Akiwa mtu mzima, apewe fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kuitumia, kwa maana fimbo isiyo na mafunzo ni kuni. Simu za siku hizi zina programu ya kusoma kwa sauti. Anayeifahamu hapokei fedha kwa kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Sisi wenye maduka tunajua uzito wa jambo hilo: mtu anayelazimika kugawa siri ya fedha zake hawezi kufanya biashara kwa amani. Tena sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo huombwa kwa utaratibu na kwa maandishi. Wako miongoni mwetu wahasibu na watu waliozoea kuandika hesabu. Jioni moja ya kukisaidia kikundi cha wasioona kuandaa ombi lao yaweza kuzidi gunia la unga.

Turudi nyumbani kwetu, humu hekaluni. Tunakuja hapa kwa ajili ya darshan, na mafundisho yanatuambia kwamba darshan ni kumwona Mungu na kuonwa naye. Asiyeona, basi, hajakosa darshan; yeye naye anaonwa. Surdas, ambaye nyimbo zake za kumsifu Krishna zimeimbwa kwa karne nyingi, anakumbukwa na mapokeo yetu kuwa hakuona. Kengele anaisikia, uvumba anaunusa, joto la taa ya arati analipokea viganjani, prasad anaionja. Kinachomzuia ni viatu vilivyozagaa mlangoni, ngazi zisizo na mahali pa kushika, na ukingo wa kidato usiopakwa rangi ya kuonekana kwa mwenye uoni hafifu. Kuyaondoa hayo hakuhitaji mfadhili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaiomba kamati ipitishe mambo manne kwa kumbukumbu ya maadhimisho haya. Kila kambi tutakayoichangia iwe na nauli ya kwenda na kurudi, ya mgonjwa pamoja na msindikizaji wake. Liwepo daftari la kila aliyehudumiwa, na kijana wa kumfuatilia hadi mwaka utimie. Kila ambaye nuru yake haitarudi akabidhiwe siku hiyo hiyo kwa mtu atakayemwongoza kwenye shule, fimbo au kikundi. Na katika kikao kitakachopanga haya, waketi wasioona wenyewe, kutoka Karatu na kutoka Ngorongoro. Maana mtu hapangiwi maisha yake akiwa nje ya mlango.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Walisema pia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Huduma hii haimngoji tajiri. Mwenye gari atoe kiti kimoja, mwenye duka amfundishe mtu mmoja kazi, mwanafunzi amsomee mtu mmoja barua yake. Mungu aipokee seva yetu, na atuzidishie majirani.