Karani Mpya Akae Wapi?

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Mungaa)



 Miaka kumi si umri mkubwa kwa mtu, lakini kwa chama ni umri wa kutosha kupimwa. Wenzetu watanena leo juu ya maghala, bei na mikopo. Sisi wa ofisi ya ukatibu tumeagizwa na Bodi tueleze jambo moja tu, ambalo Mkutano Mkuu ujao utalipigia kura: je, vitabu vya hesabu vya chama vihamie katika wingu la kompyuta ili tupate msaidizi wa akili mnemba, au vibaki katika kompyuta ya ofisi yetu bila msaidizi huyo?

Habari yenyewe ni hii. Programu ya hesabu tunayoitumia tuliinunua mara moja, nayo imekaa katika kompyuta iliyo ofisini. Muuzaji ametuarifu kwamba toleo jipya lina msaidizi ambaye mtu aweza kumwuliza kwa maneno ya kawaida, kwa mfano, ni wanachama gani hawajapata malipo ya pili, naye hujibu papo hapo. Aweza pia kuandika barua, kufupisha waraka mrefu, na kuonyesha mahali ambapo hesabu hazilingani. Lakini msaidizi huyo hapatikani ila kwa chama kinachohamisha vitabu vyake vyote na kuviweka katika mitambo ya muuzaji, kisha kikalipa ada ya kila mwezi kwa kila mtumishi atakayemtumia.

Neno "wingu" lisimtishe mzee yeyote. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, zilizo katika jengo lake, nasi huzifikia kwa njia ya intaneti. Makampuni makubwa ya dunia yana majengo ya namna hiyo Afrika Kusini: Microsoft tangu mwaka 2019, Amazon huko Cape Town tangu 2020, na Google huko Johannesburg tangu 2024. Hapa kwetu Serikali inacho Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, Dar es Salaam. Wala kazi ya mtandao si ngeni kwetu. Vyama vya ushirika nchini huandikishwa na kutoa taarifa zao kwa MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika; na dengu, choroko na ufuta huuzwa kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania ambayo huendeshwa kwa mtandao. Kwa hiyo hakuna anayeuliza kama tuikubali intaneti au tuikatae. Twaulizana ni kitu gani kiende huko, na ni kitu gani kisitoke nyumbani.

Yafaa tujue kwanza kwamba masharti haya hayakuwekwa kwa ajili yetu wakulima wa Singida peke yetu. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972, ndiyo mojawapo ya wauzaji wakubwa kabisa wa programu za biashara duniani. Mwezi Julai 2023 mkuu wake alitangaza kwamba mambo mapya ya akili mnemba yatatolewa kwa wateja walio katika wingu, tena kwa mikataba maalumu. Wateja waliokuwa wameweka programu hizo katika majengo yao wenyewe, na ambao hulipa ada ya matengenezo kila mwaka, walinung'unika sana. Umoja wa watumiaji wa programu hizo katika nchi zenye kusema Kijerumani, uitwao DSAG, ulipinga hadharani. Vivyo hivyo, Microsoft inayo programu ya hesabu kwa biashara za kadiri, iitwayo Business Central; msaidizi wake Copilot hutolewa kwa wale walio katika wingu, na aliyeiweka programu hiyo ofisini kwake hampati.

Wauzaji wanazo sababu, nasi tusizifiche. Msaidizi mkubwa wa akili mnemba huhitaji mitambo ya bei ghali, yenye kula umeme mwingi, na hakuna chama cha msingi kiwezacho kuinunua. Tena ni rahisi kwa muuzaji kutengeneza toleo moja lililo mahali pamoja kuliko kuzunguka kutengeneza kompyuta elfu moja zilizo katika ofisi elfu moja. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba ada ya kila mwezi haina mwisho, na mteja ambaye vitabu vyake vimo katika nyumba ya muuzaji huona taabu kuondoka bei inapopanda. Msaidizi ni mzuri. Ndiye pia chambo.

Sasa tutazame swali la upatikanaji, maana karani asiyefika kazini siku ya mnada hana faida, awe hodari namna gani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na huduma haikurudi katika hali yake kwa siku nyingi. Mwezi wa Mei hapa kwetu ni majira ya mavuno. Tena mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hatuleti hapa mashauri ya siasa; twahesabu siku tu. Katika siku hizo zote, daftari lililokuwa juu ya meza lilifunguka, na lililokuwa ng'ambo ya waya lilichelewa au halikufunguka.

Lakini tusiisifu mno kompyuta ya ofisini. Nayo hutegemea umeme, na sote twaukumbuka mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Yaweza kuibwa, kuungua au kuingiwa na maji ya mvua; na kama hakuna nakala mahali pengine, kazi ya miaka kumi hupotea kwa usiku mmoja. Wingu lililotunzwa vyema huhifadhi nakala kuliko kabati letu. Mwenye haki atasema kwamba kila nyumba ina mlango wake wa kuingilia mwizi.

Ndugu wanachama, ushirika wa nchi hii ulijengwa juu ya swali la mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wao, walichoka kupunjwa, wakadai kwamba pamba ipimwe kwa mizani isiyo mkononi mwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo kikatokea chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955. Wazee wale hawakuikataa biashara, wala hawakukataa kuuza. Walilolikataa ni kwamba mtu mmoja awe mwenye fedha, na mwenye mizani, na mwenye daftari. Twaona kwamba kipimo hicho hicho chatufaa leo. Aliye na vitabu vyetu, na msaidizi avisomaye, na bei ya kuvifungua, ameshika vitatu kwa mkono mmoja.

Tena liko jambo la siri za watu. Katika vitabu vyetu mna majina ya wanachama, kilo walizoleta, namba zao za benki na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawataka wakusanyaji wa taarifa za watu wajiandikishe kwa Tume iliyowekwa kwa kazi hiyo, na yaweka masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Kwa hiyo muuzaji akituambia "zitakaa katika wingu," yatupasa tumwulize: wingu la nchi gani? Chama ndicho kitakachojibu mbele ya sheria, wala si karani wa akili mnemba.

Je, hapana njia ya tatu? Ipo, ingawa ni nyembamba. Tangu mwaka 2023 makampuni kadhaa yametoa akili mnemba ambazo mtu aweza kuzichukua na kuziweka katika kompyuta yake mwenyewe, zikafanya kazi bila intaneti: Llama ya Meta, Mistral ya Ufaransa, na kuanzia 2024 Gemma ya Google. Zile ndogo, zikibanwa, huchukua gigabaiti 5 hivi, na kompyuta nzuri ya mezani yaweza kuziendesha. Jirani zetu wa Kenya wameonyesha mfano: shirika la Jacaranda Health la Nairobi lilichukua Llama, likaifundisha Kiswahili kwa ajili ya kujibu maswali ya mama wajawazito, na mwaka 2023 likaitoa kwa jina la UlizaLlama ili wengine nao waitumie. Basi kazi hiyo yawezekana kufanywa na watu wa Afrika Mashariki, kwa lugha yetu.

Hata hivyo tusidanganyane. Msaidizi mdogo wa ofisini ni mpole wa akili kuliko yule mkubwa wa wingu. Kiswahili chake huenda kikachechemea, na hatatambua vitabu vya hesabu mpaka fundi amwunganishe navyo. Tena wote wawili, mkubwa na mdogo, wana tabia moja ya hatari: wasipojua jibu huweza kutunga, tena kwa maneno ya uhakika. Karani wa namna hiyo hapewi ufunguo wa kasha. Hupewa kazi, na kazi yake hukaguliwa.

Baada ya kuyapima haya yote, Bodi yaleta kwenu mashauri matano.

La kwanza, daftari la mizani, daftari la wanachama na hesabu za malipo zibaki katika kompyuta yetu, na kila jioni ya msimu zichapwe katika karatasi. Nakala yake iliyofungwa kwa neno la siri ipelekwe katika wingu, ili moto au mwizi asitumalize.

La pili, msaidizi wa wingu tukimtumia, apewe waraka, barua na jumla za hesabu tu. Majina ya wanachama, namba za benki na madeni yasimfikie.

La tatu, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, yaandikwe humo mambo manne: vitabu vitakaa nchi gani, bei itakuwa ipi kwa muda wa miaka mitatu, tukiacha kulipa tutaendelea kuvisoma vitabu vyetu kwa muda gani, na tutarudishiwa vyote katika mafaili ambayo programu nyingine yaweza kuyafungua. Muuzaji asiyekubali kuandika hayo ametujibu.

La nne, katika miezi isiyo ya mnada tumjaribu msaidizi mdogo katika kompyuta moja ya ofisi, tumpe masharti ya chama na nyaraka za Tume, kisha tumwulize maswali ambayo majibu yake twayajua. Matokeo ya majaribio hayo, mema na mabaya, yasomwe mbele ya Mkutano.

La tano, nalo ndilo kubwa, tusiende kwa muuzaji peke yetu. Wale wa DSAG ni matajiri wenye viwanda, na bado waliona haja ya kusema kwa sauti moja. Sisi tunao Shirikisho la Vyama vya Ushirika. Vyama vikuu kumi vikiomba pamoja vitapata bei na masharti ambayo chama kimoja cha Mungaa hakiwezi kuyapata. Tena vyaweza kukodi kwa shirika mitambo iliyo hapa nchini na kumwajiri fundi mmoja hodari kwa wote. Hapo msaidizi atakaa katika nyumba ya ushirika wenyewe.

Wako vijana wetu watakaosema kwamba twakawia, na dunia haimngoji mtu. Twawajibu kwa heshima kwamba mashauri haya yanamkaribisha mgeni na kumpa kiti. Wako wazee watakaosema heri tubaki na kalamu. Nao twawaomba wakumbuke kwamba wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo limekuwa kubwa kuliko kalamu mbili za ofisini. Lakini wahenga hao hao wametuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Katika miaka kumi hii, mwanachama aliyeleta gunia lake la alizeti aliweza kuja ofisini siku yoyote ya kazi, akataja jina lake, akaonyeshwa kilo zake. Hiyo ndiyo imani iliyokifikisha chama mahali hapa. Twawaomba mpige kura kwa namna ambayo katika miaka kumi ijayo mwanachama huyo ataonyeshwa kilo zake vilevile, waya uwepo au ukatike, ada iwe imelipwa au imechelewa.

 Idumu Ushirika.